Mwaka Nyota Ilipoinua Mkia

Juzi Maryamu alirudi Likoni baada ya miaka mingi ya Maskati, na kabla hata hajavua viatu akanishika mkono mbele ya wajukuu zake na kusema, "Huyu ndiye aliyeniozesha." Watoto walinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, nadhani wakitafuta kilemba cha kadhi. Sikuwa nacho. Nina miwani minene, magoti yanayolalamika nikipanda ngazi, na sauti ya mwalimu mstaafu ambayo bado hunyamazisha watu sokoni. Maryamu akaanza kuwasimulia, lakini mimi namjua: akisimulia huruka mambo yenye maana na kukaa saa nzima kwenye rangi ya gauni alilovaa. Mumewe, Salim, mzee sasa mwenye tumbo la heshima, alikuwa akicheka pembeni bila kutoa msaada wowote. Nikasema hapana, kisa hiki ni changu, nitakiandika mwenyewe kama kilivyokuwa.

Habari za kwetu Junda, huko Kisauni, nitaziacha, maana nikiuingia mlango ule sitatoka leo. Mwaka ninaousema nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana huku Likoni, na kutoka Kisauni kila alfajiri, kuvuka daraja na kisha kuvuka feri, kulinifanya nifike darasani nikisinzia. Basi nikapelekwa kukaa kwa jamaa zetu Shika Adabu, nyumbani kwa kina Maryamu. Nililala chumba kimoja naye, chumba chenye kitanda kipana, cherehani yake, na dirisha lililotazama uani. Dirisha hilo ndilo lililonisomesha mwaka ule kuliko dawati la shule. Uani ndiko wanawake walikopika, walikosukana nywele na walikosema maneno yote ya nyumba, wakiamini kwamba sisi ndani tumelala. Mpaka leo nikisikia harufu ya mbaazi za nazi zinazochemka, masikio yangu husimama yenyewe kama yanayongoja habari.

Na habari za mwaka ule zilikuwa ni Maryamu tu. Alikuwa ameposwa na Salim wa Changamwe, kijana aliyeendesha winchi bandarini Kipevu, mwenye meno mazuri na maneno machache. Salim alikuwa amepata kazi katika bandari ya Maskati, kazi nzuri ya mkataba, na alitakiwa aondoke mara tu mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, utakapokwisha. Kwa hiyo harusi ikapangwa ndani ya mfungo pili huo huo, ili aondoke na mkewe. Mwalimu wa falaki alikuwa ameshapiga hesabu zake na kutoa siku njema. Mchele ulikuwa umeshanunuliwa, magunia yake yameegemezwa ukutani kwenye ukumbi, na Maryamu alikuwa akijishonea nguo zake huku akiimba kwa sauti ya chini. Alikuwa mtu mzima kwangu, lakini usiku akizima taa alinigeukia na kuniuliza, "Rehema, hivi Maskati kuna embe?" Nami, ambaye sikuwahi kupita Mariakani, nilimhakikishia kwamba ziko.

Kisha nyota ya mkia ikahamia magharibi. Tulikuwa tumeshaiona kabla, wakati wa Ramadhani, upande wa mashariki kabla ya alfajiri, lakini mtu mwenye daku mkononi haangalii sana mbinguni. Ilipotea kwetu kwa muda, kisha jioni moja baada ya Magharibi ikaonekana upande wa pili, juu ya taa za Kipevu, juu kabisa ya Changamwe ya kina Salim. Ilikuwa kubwa, wallahi. Kichwa chake kilielekea chini, na mkia umesimama juu. Na ukiitazama kwa utulivu uliona mikia miwili: mmoja mpana, mweupe, uliopinda, na mwingine mwembamba wa buluu, ulionyooka kama uzi uliovutwa. Watoto wa mtaa walishangilia. Wanawake uani walinyamaza, na ukimya wa wanawake wale haukuwa jambo la kawaida.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa Bi Saumu, somo wa Maryamu. Somo kwetu ni yule mwanamke anayemfunda bibi harusi, na siku za harusi neno lake hulipita hata neno la mama mzazi. Bi Saumu alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye mashamba ya minazi aliyorithi kwa wazee wake, na hakuwa na haja ya kupaza sauti. Nilikuwa dirishani.

"Mwezi ukiingia katika nyota ya nge, twaoza?" akauliza.

"Hatuozi," wakajibu kwa pamoja.

"Basi hapo mwezi umepita tu njia. Sasa huyu nge mwenyewe amekuja, ameinua mkia, na amekaa juu ya nyumba ya bwana harusi. Nge akiinua mkia ataka nini?"

Kila mtu alijua nge ataka nini.

"Tungoje," akasema Bi Saumu. "Akishusha mkia, tutaoza. Subira huvuta heri."

Nitawatetea hapa, kwa sababu wajukuu wa Maryamu walipofika kwenye sehemu hii ya kisa walicheka. Yale hayakuwa maneno ya kijinga. Bi Saumu aliangalia, akalinganisha na anachokijua, akatoa shauri ambalo lilikuwa na mwisho wake: mkia ukishuka, harusi. Nimewahi kukaa katika vikao vya walimu wakuu vilivyoamua mambo kwa akili ndogo kuliko hiyo. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kosa la kila mmoja uani pale, na langu pia: tulidhani mkia ni mali ya nyota, kwamba inauinua na kuushusha ipendavyo. Mwalimu wa falaki alipoulizwa alisema hesabu zake ni za mwezi na nyota zinazojulikana, hii ni mgeni, na mgeni hana hesabu. Kwa hiyo jioni baada ya jioni wakatoka uani kutazama kama mkia umeshuka. Haukushuka. Mfungo pili ukaanza kumomonyoka, na Salim akatuma salamu kwamba waajiri wake hawatamngojea. Nyuma ya salamu hizo kulikuwa na jambo jingine lililonifikia kupitia dirishani: mama yake Salim alikuwa na mpwa wake pale Changamwe, msichana mpole, ambaye kila mtu alianza ghafla kusifu mapishi yake. Maryamu aliacha kuimba. Cherehani ikafunikwa kwa kitambaa. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani na sahani ya wali na mchuzi wa samaki changu, chakula akipendacho kuliko vyote, hajakigusa, na mchuzi umeganda.

"Akienda peke yake, harudi," akaniambia. "Si kwa ubaya. Mbali huko ndivyo kulivyo."

Shuleni tulifundishwa fizikia na Mwalimu Wafula, mtu wa bara, mpole, ambaye Kiswahili chake kilitufanya tufiche nyuso nyuma ya vitabu. Wiki hiyo wasichana walimsihi aache somo atueleze nyotamkia. Akachora jua katikati ya ubao, akachora njia ya nyota ikilizunguka, akanipa chaki. "Wewe Rehema, chora mkia." Nikauchora nyuma ya nyota, kila mahali nyuma, kama moshi wa lori linalokwenda Kwale. Akacheka mpaka akashika meza.

"Hii umechora ni lori," akasema. "Hapana. Mkia haifuati njia ya nyota. Mkia inakimbia jua. Hiyo nyota ni barafu na vumbi. Ikikaribia jua inapata joto, inatoa gesi na vumbi. Sasa jua inavuma. Kuna upepo inatoka kwa jua, saa zote, chembe ndogo sana za umeme, mbio sana. Hiyo upepo inapeperusha gesi, ndiyo ile mkia ya buluu, imenyooka. Vumbi ni nzito kidogo, inasukumwa na mwanga wa jua, inachelewa, ndiyo maana inapinda. Nyota ikija kwa jua, mkia iko nyuma. Ikienda zake, mkia inatangulia mbele!"

Darasa zima lilipiga kelele kwamba haiwezekani. Mimi sikupiga. Nilikuwa nikiwaza sharti la Bi Saumu. Nikainua mkono. "Mwalimu, jioni, mkia utashuka lini?"

Akanitazama. "Kushuka? Jioni jua imezama, iko chini. Mkia inakimbia jua, kwa hivyo iko juu. Haitashuka. Itafifia tu, wiki nyingi, mpaka usiione."

Nilitoka shuleni nikikimbia. Bi Saumu alikuwa amesema harusi mkia ukishuka, na mkia hautashuka. Tungengoja mpaka Salim afike Maskati, azoee, na apikiwe na mwingine. Nilifika uani nikihema, nikasahau hata adabu ambayo mtaa wetu umeitwa kwa jina lake, nikaanza kumwaga fizikia yote mbele ya wanawake waliokuwa wakikuna nazi. Bi Saumu aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Shikamoo umeiacha shuleni?"

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba. Sasa nisikilize. Moto nimeupuliza tangu sijaota meno ya ukubwani. Moto hupulizwa, haupulizi. Huyo mwalimu wenu wa bara ana jua lake jingine, au ni hili letu? Nenda kaoshe masufuria."

Wanawake wakacheka sana, na nikaenda kuosha masufuria. Nilikuwa na hasira iliyonifanya nisugue sufuria moja mpaka likang'aa kama kioo. Lakini hapo penye masufuria, mikono imejaa majivu, ndipo nilipojifunza jambo ambalo chuo cha ualimu baadaye kilinichukulia miaka kunifundisha. Nilikuwa nimemwambia Bi Saumu maneno ya Mwalimu Wafula. Yeye hakuwa mtu wa maneno ya watu. Alikuwa mtu wa kuona. Alichokataa si ukweli, alikataa kuletewa habari na mtoto. Ilibidi aone mwenyewe.

Ijumaa alasiri wanawake walikuwa barazani wakipeta ule mchele wa harusi, maana uliachwa muda mrefu na wadudu walianza kuuingia. Joto lilikuwa kali, na feni ya Maryamu ilikuwa imewekwa kwenye kiti ikiwapepea. Jua likikaribia kushuka, Bi Saumu akawasha chetezo kama kawaida yake, akatia udi kufukiza vyumba. Nikamwendea kwa adabu zote.

"Tafadhali, Bi Saumu, nipe nikusaidie kufukiza."

Akanipa. Badala ya kwenda vyumbani nikaanza kuizunguka feni. Moshi ukawaingia wanawake machoni, wakapiga kelele. "Toba! Mtoto huyu apagawa!" Sikusimama. Nilijua sitapewa nafasi ya tatu.

"Feni ndilo jua," nikasema. "Chetezo ndiyo nyota. Utazameni moshi tu." Nikaiendea feni, moshi ukarudi nyuma yangu. Nikapita ubavuni mwake, moshi ukaenda upande. Nikageuka nikaipa feni mgongo, nikanyoosha chetezo mbele yangu na kuondoka, na moshi ukanitangulia, ukaenda mbele kana kwamba ndio unaoniongoza.

Bi Saumu alisimama. Nilidhani anakuja kunizaba kofi. Akaninyang'anya chetezo na kuizunguka feni yeye mwenyewe, polepole, macho yake yasiondoke kwenye moshi. Akazunguka tena. "Izimeni hiyo feni," akasema. Ikazimwa, na moshi ukapanda juu wima. "Jua likizimwa ndivyo itakavyokuwa?"

"Jua halizimwi, Bi Saumu."

"Alhamdulillahi. Iwasheni." Kisha akasema lile nililoliogopa. "Moshi wako ni mmoja. Nyota ina mikia miwili."

Nikachukua ungo wa jirani bila kumwomba, nikasimama nao mbele ya feni na kuurusha mchele juu. Makapi yakaruka yakanyooka mpaka ukutani. Chenga, ambazo ni nzito zaidi, zikaenda kidogo na kupinda zikishuka. Upepo mmoja, njia mbili. Hapo sikuhitaji kueleza chochote, kwa sababu kila mwanamke barazani pale alikuwa amepeta mchele maisha yake yote. Nilisikia mmoja akisema taratibu, "Subhanallah, twalijua hili."

Bi Saumu hakuwa amemaliza. Alikaa, akaipoza sauti. "Niulize mimi basi, uniulize niliyoyaona kwa macho yangu."

"Ramadhani, ulipoamka kabla ya alfajiri, uliiona wapi?"

"Mashariki, upande wa bahari."

"Mkia?"

"Juu."

"Na jua lilikuwa wapi?"

"Chini, halijatoka."

"Na sasa jioni, jua liko wapi?"

Akageuza macho kulitazama. Adhana ya Magharibi ikaanza kuadhiniwa, na wote wakaondoka kwenda kutawadha. Nilibaki na mchele wa watu uliotawanyika sakafuni, nikiuokota, na Maryamu akaja kuchuchumaa karibu nami kuuokota. Alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Vidole vyake vilikuwa vikikosa punje na kuzirudia.

Baada ya kuswali, Bi Saumu alitoka uani peke yake na kanga ya kuswalia bado kichwani. Nyota ilikuwa pale pale juu ya Kipevu. Aliitazama kwa muda mrefu. Wengine wakatoka mmoja mmoja wakasimama nyuma yake, na mimi nyuma yao.

"Nge mkia ni wake," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Huuinua akitaka kudhuru. Huyu, mkia si wake. Ni wa upepo. Masikini hana hata uwezo wa kuushusha." Akageuka. "Na sisi tumemngoja ashushe kitu kisicho chake. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwambieni Salim alete kadhi."

Maryamu alipiga ukelele ndani ya nyumba ambao nadhani ulisikika Kipevu. Mama yake akakaa chini pale pale mchangani na kulia. Mimi nilisimama nikicheka peke yangu kama mwehu, na furaha niliyoisikia jioni ile, nasema wazi, sijawahi kuipata tena kwa kiwango kile, si siku niliyohitimu, si siku niliyopewa shule yangu mwenyewe. Bi Saumu alisema ukweli huo kwa maneno bora kuliko ya Mwalimu Wafula na bora kuliko yangu. Nilipomsimulia mwalimu Jumatatu, alivua miwani akaifuta, akasema, "Huyo mama angekuwa katika darasa yangu, nyinyi wote mngefeli."

Baadaye nilisoma mengi kuhusu upepo ule. Nilijua kwamba wataalamu waliushuku na kuueleza kwa kuitazama mikia ya nyota hizi, kabla chombo chochote hakijatumwa kwenda kuupima. Nilijua pia kwamba hauvumi sawa siku zote. Huja kwa mikupuo, na mara nyingine mkupuo mmoja huukata kabisa ule mkia wa buluu, ukaelea peke yake, na nyota ikaota mwingine na kuendelea na safari. Nilifundisha hayo kwa miaka mingi, na kila mwaka nilianza na chetezo na feni. Kuna wanafunzi wangu walioingia chumba cha mtihani wakinukia udi. Walifaulu.

Nikaha ilifungwa msikitini Shika Adabu, siku chache kabla ya mfungo pili kwisha. Pilau ilipikwa kwa mchele ule ule uliopetwa mbele ya feni, na wapo walioapa kwamba wamesikia harufu ya udi ndani yake. Nilikula na wanawake wakubwa, sinia moja na Bi Saumu, ambaye alinisogezea vipande vya nyama upande wangu. Magharibi ilipopita tukamsindikiza Maryamu kumvusha kwenda kwa mumewe. Feri ilijaa: wanawake wa Likoni, watu waliotoka kazini, mikokoteni, wauza maji. Ilipofika katikati ya mkondo, mbingu ikafunguka upande wa Changamwe, na nyota hiyo hapo, mbele yetu, kichwa chini na mkia juu. Manung'uniko yakaanza. Mama mmoja ambaye hakuwa wa kwetu alimwona bibi harusi, akaiona na nyota, akajifunika mdomo kwa ukaya aliojitanda kichwani.

"Toba, ya Rabbi! Mwamwoza chini ya kitu kile? Na mkia wenyewe bado uko juu!"

Maryamu aliinamisha kichwa. Wasindikizaji wote wakamgeukia Bi Saumu, nami nikamgeukia. Yeye alijinyoosha mpaka akawa mrefu kupita wote katika feri ile.

"Uwe juu!" akasema. "Na jua limezama, ungekuwa chini ndipo ningeogopa."

Akarudisha kichwa nyuma, akaielekezea nyota ile kigelegele cha kwanza, na feri nzima ikamwitikia.